Siku Nne Kansas, Tukimfuata Mkulima John Schrag

Ijumaa, 8 Novemba

Tumetoka Wichita saa mbili asubuhi, mimi kwenye usukani, Papa pembeni yangu kavaa makoti mawili na kofia ya sufi aliyofumiwa na binti yake. Papa ni mzee wa kanisa letu, mtu wa Fizi, Kivu Kusini. Alikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa Kansas, ndiyo maana Kiswahili chake kina Kongo na Kigoma ndani yake. Mimi ni mtu wa Musoma. Babu yangu alibatizwa na wamisionari wa Kimenonite, wale walioingia Shirati mwaka 1934, na tangu nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili nimeambiwa kwamba sisi hatushiki silaha na hatulipizi kisasi. Niliitikia amina. Hakuna aliyeniuliza nitafanya nini siku watu watakapofika mlangoni kwangu.

John Schrag, Mmenonite mwenzetu, watu walimfikia mlangoni, wakaenda kumpaka rangi kwa sababu alikataa kulipia vita. Alikuwa mkulima karibu na mji mdogo wa Burrton, magharibi mwa Newton, na siku waliyomjia ilikuwa tarehe 11 Novemba 1918, siku ileile Vita Kuu ya Kwanza ilipokoma. Nilisikia habari zake mwaka juzi, zikanikaa. Nikamwambia Papa kwamba mwaka huu nataka tarehe hiyo inikute Burrton. Akanijibu, "Tutaenda sote, mwanangu. Mutu wa namna hiyo haendewi na mutu mumoja."

Kutoka Wichita mpaka Newton ni kama kilomita 40, barabara imenyooka kuelekea kaskazini. Asiyeijua Kansas atasema hakuna cha kuona. Mimi nimekwisha kuipenda: mbingu pana, upepo usiopumzika, na vihenge vya nafaka vyeupe, virefu, ambavyo unaviona mbali sana kabla hujavifikia. Mwezi huu majani ya porini yamekauka yote, rangi ya simba, lakini mashamba mengi ni kijani kibichi. Papa aliuliza ni nyasi gani hizo zisizoogopa baridi. Ni ngano. Wanaipanda Septemba na Oktoba, inachipua vidole viwili vitatu, halafu inalala kwenye baridi na theluji, na wanaivuna Juni. Sisi tunaotoka nchi ya masika na vuli inatuchukua muda kuelewa mmea ambao usipopigwa na baridi hauzai.

North Newton kuna Chuo cha Bethel, kilichoanzishwa na Wamenonite mwaka 1887, na ndani yake kuna maktaba ya kumbukumbu zao. Tulieleza shida yetu, tukaonyeshwa meza, tukaletewa makaratasi. Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu kisa cha Schrag ni kazi ya mwanahistoria James Juhnke, aliyefundisha chuo hiki. Katika miaka ya 1960 aliwatafuta watu waliokuwa bado hai, akawauliza waliona nini, akayaweka maneno yao pamoja na kumbukumbu za kesi. Asingefanya hivyo, yule mkulima angebaki jina kwenye jiwe la kaburi.

Alizaliwa mwaka 1861 huko Volhynia, nchi iliyokuwa chini ya Urusi wakati huo na leo imo Ukraine. Asili ya watu wake ni Uswisi. Waliteswa huko kwa sababu walikataa kubatiza watoto wachanga na walikataa upanga, wakahama, wakahama tena, kizazi kwa kizazi, mpaka wakafika Urusi ambako Wamenonite waliahidiwa kwamba hawatalazimishwa kwenda jeshini. Ahadi hiyo iliyeyuka chini ya Mfalme Aleksanda wa Pili, sheria ya kila kijana kutumikia jeshi ilipotoka mwaka 1874. Mwaka huohuo kijiji chao kiliuza kilichouzika, kikavuka bahari. John alikuwa na miaka 13.

Kansas iliwataka. Reli ya Santa Fe ilikuwa na ardhi kubwa ya kuuza pande zote za njia yake na ikawafuata kwa bidii, na bunge la jimbo likapitisha sheria mwaka huo ya kuwaachilia na utumishi wa mgambo wale ambao imani yao inawakataza. Lakini mwaka huohuo nzige walikuwa wamepita Kansas, wamekula kila kilichoota. Kwa hiyo hebu fikiria yule mtoto wa miaka 13: ametoka kwenye kijiji cha Kiswisi ndani ya Urusi, ameshuka kwenye treni katikati ya mbuga isiyo na mti, nchi imetafunwa, na baridi ndiyo hiyo inaingia.

Papa alikuwa kimya muda mrefu, kidole chake kimekaa juu ya neno Volhynia kwenye ramani. Kisha akasema, "Hawa walikimbia jeshi. Sisi tulikimbia bunduki. Ni njia moja."

Tumelala Newton. Usiku treni za mizigo hazinyamazi.

Jumamosi, 9 Novemba

Asubuhi tumezunguka na gari upande wa Moundridge, ambako watu wa Volhynia walikaa. Barabara za huku zimepimwa: kila maili moja unakutana na njia panda, kusini na kaskazini, mashariki na magharibi, kana kwamba mtu alilaza wavu juu ya nchi. Ndani ya kila mraba kuna ekari 640. Robo yake, ekari 160, ndicho kipimo ambacho mkulima wa zamani alianzia maisha, na mpaka leo wakulima wakizungumza juu ya ardhi wanasema "robo yangu", "robo ya baba". Magharibi ya mji lipo kanisa la Hopefield, yaani shamba la tumaini. Wao walipolianzisha jina lilikuwa la Kijerumani lenye maana hiyohiyo. Milango ilikuwa imefungwa. Tumesimama makaburini, nikasoma majina: Stucky, Kaufman, Goering, Schrag, Schrag tena.

Njiani nilisimamisha gari ghafla mpaka Papa akashtuka. Kulikuwa na shamba la mtama. Mtama wetu! Mfupi, unafika kiunoni tu, masuke mekundu yamejaa, na kombaini ilikuwa imekata nusu ya shamba. Nilishuka nikaokota suke lililoanguka kando ya barabara, nikalipura kwa viganja, nikalipepeta kwa pumzi kama alivyokuwa akifanya bibi yangu, nikatia punje mdomoni. Ni uleule, tena mgumu kuliko wa kwetu. Kansas inaongoza Marekani kwa kulima mtama, lakini mwingi unakwenda kwa mifugo na viwandani. Nimelitia lile suke kwenye mfuko wa koti. Harufu yake imenirudisha nyumbani kuliko simu yoyote.

Tumevuka mto Little Arkansas mara mbili. Ni mto mwembamba wa maji ya kahawia, miti ya ukingoni imepukutika. Watu wa Kansas hulitamka jina lake kwa namna yao, Ar-kanzas, na ukisema vingine wanakusahihisha kwa upole. Kando ya mto huu kijana John alimsaidia baba yake kujenga kinu cha kusaga nafaka. Baadaye akashika shamba lake upande wa Burrton, akafanikiwa. Neno hilo la kufanikiwa litarudi Jumatatu.

Mchana tumerudi chuoni Bethel. Kwenye makumbusho ya Kauffman wamepanda upya kipande cha mbuga ya asili, nyasi ndefu zinazompita mtu kimo, ili watoto waone nchi ilivyokuwa kabla ya jembe. Papa aliingia katikati ya nyasi mpaka nikaona kofia tu.

Lakini kilichonikamata mimi ni jiwe la kupuria ngano. Fikiria gogo fupi la mawe, uzito wake watu wawili hawainui, limechongwa meno marefu kuanzia ncha hadi ncha. Nimehesabu meno saba. Farasi walilivuta likizunguka juu ya ngano iliyotandazwa uwanjani, na kila jino likigonga, punje zinatoka. Wamenonite walikuja na ujuzi huo kutoka Urusi, wakachongesha mawe hayo hapa Kansas, halafu baada ya muda mfupi mashine za kupuria zikaja na mawe yakabaki mapambo ya bustani. Nimeweka kiganja kwenye mwanya kati ya meno mawili. Jiwe lilikuwa baridi kama bati la asubuhi. Kingo zake bado zina ukali. Halikufanya kazi sana.

Walikuja pia na mbegu: ngano nyekundu ngumu, Turkey Red, inayostahimili baridi na ukame wa nyika. Kansas ya leo, inayoitwa jimbo la ngano, ilijengwa juu ya mbegu za namna hiyo. Wazee wa huku wanasimulia juu ya msichana wa miaka minane, Anna Barkman, aliyechagua punje moja moja kwa mkono, zile nzuri tu, mpaka akajaza chombo cha kusafiri nacho. Kama ni kweli hivyo au hadithi imekua, mimi naipenda, kwa sababu nimeona mama yangu akichagua mbegu hivyohivyo, kaketi mkekani, miguu kanyoosha.

Jioni kwenye chakula Papa aliuliza kama ni Schrag peke yake aliyepata mateso mwaka ule. Nikamweleza habari za ndugu wawili, Joseph na Michael Hofer, wakulima wa jumuiya ya Wahutteri huko South Dakota, Wakristo ambao kama sisi hawashiki silaha. Waliitwa jeshini mwaka 1918, wakakataa kuvaa sare, wakafungwa, wakapelekwa kwenye jela ya kisiwa cha Alcatraz, wakawekwa gizani na nguo za ndani tu. Novemba wakahamishiwa jela ya jeshi ya Fort Leavenworth, hapahapa Kansas. Joseph alikufa tarehe 29 Novemba, Michael tarehe 2 Desemba. Mke wa Joseph alipoomba kuona mwili wa mumewe alimkuta jenezani kavishwa ile sare aliyoikataa.

Papa alisukuma sahani yake. Hakumaliza kula.

Jumapili, 10 Novemba

Tumeabudu Alexanderwohl, kaskazini kidogo ya Goessel. Ni kanisa kubwa jeupe la mbao, limesimama peke yake mashambani. Mababu wa ushirika huu walitoka Molotschna, kusini mwa Ukraine, karibu ushirika mzima kwa pamoja, watu kama 800, mwaka uleule wa 1874. Hawa si wa ukoo mmoja na watu wa Schrag. Hawa asili yao ni Uholanzi na walisema Kijerumani cha pwani, na wale wa Volhynia wana lafudhi na mapishi yao. Mgeni anawaona Wamenonite tu, lakini wenyewe wanajuana, kama vile Mjita na Mkurya wanavyojuana.

Waliimba kwa sauti nne. Hakuna aliyesimama mbele kuonyesha sauti yake. Kila mtu alishika ya kwake, baba besi, mama soprano, watoto wanatafuta njia katikati. Papa hajui Kiingereza cha nyimbo, akaimba besi bila maneno, macho kafumba. Mtoto wa kiti cha mbele aligeuka akamtazama wimbo mzima.

Baada ya ibada familia moja ilitukaribisha mezani. Tulikula zwieback, vimikate viwili vilivyopandana, mdogo juu ya mkubwa, na verenika, unga uliojazwa jibini laini na kumwagiwa mchuzi mzito wa nyama ya nguruwe. Mwenye nyumba ni mkulima, ana miaka zaidi ya 80. Mikono yake mikubwa, kidole kimoja hakina ncha. Nilimwita "mzee wangu" kwa Kiingereza kibovu cha tafsiri, akacheka, akasema hajaitwa hivyo lakini amelipenda.

Niliuliza juu ya mwaka 1918. Alijibu polepole. Alisema nyumbani kwao hawakuzungumza habari hizo. Baba yake akiulizwa alikuwa anatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Alichojua ni kwamba Kijerumani kilikuwa lugha ya kanisa na ya jikoni, na baada ya vita watu wakaanza kukimeza. Yeye anakielewa. Watoto wake wanajua majina ya vyakula. Wajukuu hata hayo hapana. Mkewe alisema, "Tuliogopa majirani, na majirani wakaogopa sisi, na wote tulikuwa tunapanda ngano moja."

Papa aliniomba nimtafsirie swali. "Muulize, yule mutu aliyepakwa rangi, alihama?"

"Hakuhama," mzee akasema. "Alirudi shambani kwake."

Papa akaitikia kwa kichwa, kisha akaniambia kwa Kiswahili, taratibu: "Kusamehe nimesamehe. Miaka mingi sasa. Lakini kukaa nao tena, mupaka wa shamba langu na mupaka wa shamba lao, asubuhi naamka namuona mutu yule yule anachota maji... Hiyo Mungu hajanipa. Huyu alipewa wapi?"

Sikumtafsiria mwenyeji maneno hayo. Yalikuwa ya Papa.

Usiku huu sina usingizi, kwa hiyo naandika langu. Baba yetu alituachia shamba karibu na ziwa. Mpaka wake ulikuwa mstari wa katani alizozipanda yeye mwenyewe. Alipougua, ndugu yetu wa ukoo aling'oa zile katani usiku, akazipanda upya hatua tatu ndani ya shamba letu. Tulishtaki, tukashinda. Ningeweza kuishia hapo. Mimi ndiye niliyesema haitoshi, alipe fidia, alipe gharama, alipe na aibu. Akauza ng'ombe wawili. Baba alipokufa hakuja msibani, na miaka sita sasa hatusalimiani. Sikuwahi kuliona jambo hilo kama kisasi. Niliita haki, na sheria ilikuwa upande wangu.

Jumatatu, 11 Novemba

Burrton iko kama kilomita 30 magharibi ya Newton. Tumepita Halstead, tumepita mashamba, upepo unasukuma gari pembeni. Ni mji wa mamia ya watu, barabara kuu moja, reli, vihenge. Leo ni sikukuu ya maveterani nchi nzima, kwa hiyo bendera zilikuwa nyingi, zinapigwa na upepo mpaka kamba zinagonga vyuma vya nguzo. Mlio huo ndio tuliousikia tuliposhuka: ti, ti, ti.

Sikutafuta jengo lolote. Nilitaka kusimama barabarani tu, saa zilezile za mchana, na kumsimulia Papa kisa chote tangu mwanzo hadi mwisho mahali kilipotokea.

Marekani iliingia vitani Aprili 1917. Serikali ilikopa kwa raia wake kwa kuwauzia hati za mkopo wa vita, na kamati za kila eneo zikawa zinahesabu nani kanunua na nani bado. Maskini aliweza kusamehewa. Schrag alikuwa amefanikiwa, kila mtu alijua, na tena alikuwa mtu wa Kijerumani kwa lugha. Hakununua hata moja. Kwake kulipia risasi na kuifyatua ni dhambi moja.

Asubuhi ya tarehe 11 habari za kumalizika kwa vita zilipofika, kundi la watu wa Burrton liliondoka kwa magari hadi shambani kwake, wakamchukua, wakamleta mjini kwenye sherehe. Hakupigana nao. Walimtaka anunue hati, sasa, mbele ya watu. Alikataa, akasema yuko tayari kutoa dola 200 kwa mashirika yanayosaidia wenye shida. Hawakuzitaka. Wakamtaka abebe bendera aongoze maandamano. Akakataa. Wakamsukumia bendera mkononi, mkono haukuishika, ikaanguka chini. Mtu akapiga kelele kwamba ameikanyaga.

Hapo ndipo walipoleta rangi ya manjano, rangi ya woga kwa hesabu yao. Wakammwagia, wakampaka usoni, wakamsugulia kichwani na ndevuni. Alikuwa mtu wa miaka 57, mtu mwenye wajukuu kwa umri. Walimpaka hivyo na yeye hakuinua mkono wala hakuwatukana. Mmoja wa walioshuhudia alimwambia Juhnke, karibu miaka 50 baadaye, kwamba uso wa mkulima yule ulikuwa kama unatoa nuru, na kwamba kama kuna mtu aliyewahi kufanana na Kristo, basi ni yeye.

Kisha mtu akataja kamba. Walitaka kumnyonga.

Aliyewazuia aliitwa Tom Roberts, kiongozi wa chama cha wananchi cha kukamata wezi wa farasi. Alimwingiza Schrag kwenye jela ya mji, akasimama mlangoni na bunduki, akawaambia kwamba wakimtaka mtu huyu watapita juu ya maiti yake kwanza. Hawakupita. Lakini walimweka mahali palipoinuka ndani ya jela ili watu waje wamtazame, na watu wakaja, mchana kutwa. Jioni mkuu wa polisi wa wilaya akamchukua kwenda Newton.

Papa aliniinulia mkono nisimame. "Kwa hiyo aliokolewa na bunduki."

Nikasema ndiyo.

"Na yeye hakubali bunduki."

Ndiyo.

Tulisimama na jambo hilo kwenye upepo. Nimelifikiri sana kabla ya safari na sijalimaliza. Naona tu kwamba Schrag hakumwomba Roberts, na hakumkataza. Na Roberts, ambaye hakuwa Mmenonite, alisimama peke yake mbele ya watu wa mji wake mwenyewe, watu atakaokutana nao dukani kesho. Huo nao ni ushujaa na siwezi kuupunguza ili wa Schrag uonekane mkubwa. Papa alisema kule kwao hakuwepo Tom Roberts. Akalisema bila uchungu, kama mtu anayetaja kitu kilichokosekana kwenye orodha ya sokoni.

Nikaendelea. Watu watano wa Burrton walimshtaki kwa kuidharau bendera, chini ya sheria ya ujasusi ya wakati wa vita. Fikiria hilo: waliompiga rangi ndio upande wa mashtaka. Kesi ilisikilizwa Wichita tarehe 9 Desemba. Tarehe 24 Desemba, mkesha wa Krismasi, kamishna wa mahakama akaamua kwamba hana hatia. Sheria iliadhibu maneno na maandishi ya dharau, na maneno machache aliyoyasema Schrag siku ile yalikuwa ya Kijerumani, ambayo mashahidi hawakuyaelewa.

Sasa sheria iligeuka ikawa mkononi mwake. Mawakili walimweleza kwamba anaweza kuwafikisha mahakamani wale waliomshambulia. Majina yao yalijulikana. Walikuwa wameyasema wenyewe kizimbani. Angeshinda. Alikataa. Akaenda nyumbani.

Hapa ndipo sauti yangu ilipokwama, na Papa akaelewa kwa sababu jana usiku alinisikia nikitembea chumbani. Kwa miaka miwili nilikuwa nikisimulia kisa hiki nikiishia kwenye rangi na uso unaong'aa, maana hapo ndipo watu hunyamaza kanisani. Ule mchana wa rangi ulimjia, hakuuchagua. Lakini Desemba alichagua. Alikuwa salama, ana mawakili, ana fedha, anajua majina, na shamba lake liko palepale karibu na mji wao. Alichagua kurudi kwa majirani wale bila deni kati yao.

"Papa," nikasema, "mimi nilishinda kesi nikadai tena."

"Najua, mwanangu."

"Ng'ombe wawili."

"Ni ng'ombe zuri?" Aliuliza kweli, kama mfugaji anavyouliza.

"Mmoja alikuwa na mimba."

Akatikisa kichwa, akaushika mkono wangu, tukakaa hivyo kando ya gari, watu wazima wawili. Lori la mtama likapita kuelekea vihengeni, dereva akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, salamu ya wakulima wa huku. Tukampungia.

Saa sita mchana ya Kansas ni saa tatu usiku nyumbani. Nilimwandikia dada yangu Musoma nikimwomba namba ya yule ndugu. Alichelewa kujibu. Kisha ikaja namba peke yake, bila salamu, bila swali. Nimeiandika hapa pembeni mwa ukurasa. Sijapiga.

Tukiwa njiani kurudi, Papa aliomba nisimame kwenye shamba la ngano lisilo na uzio. Alivuka mtaro kwa shida, akapiga magoti kwenye udongo wenye unyevu, akashika jani moja la ngano kati ya vidole akalivuta kidogo kuona kama mzizi umeshika. Ulikuwa umeshika. Akaomba kwa Kibembe, kwa sauti ya chini, sikuelewa hata neno moja isipokuwa jina la John. Alipoinuka magoti yake yalikuwa na duara mbili za tope.

"Hii wanavuna mwezi wa sita?"

"Mwezi wa sita, Papa."

"Tutarudi kuiona," akasema, akaanza kujikung'uta.